Hesabu Hadi Mia Mbili

Tymon, usinunue kwa macho.
Macho hayapigi magoti.
Shuka hapa hapa, kati ya rafu ya misumari na rafu ya rangi,
mbele ya yule bibi mwenye kikapu,
uhesabu hadi mia mbili.
Muuzaji akikohoa, mwache akohoe.
Si yeye atakayelala na barafu mguuni.

Husemwa fundi hupiga magoti. Uongo.
Sakafu ndiyo huyapiga,
taratibu, bila hasira,
kila siku kofi moja lisilosikika,
hadi kilegesambwa kinaanza kusaga
kama mlango wa stoo.

Hizi za zloti ishirini na tisa ni sponji tupu.
Zibonyeze kwa gumba. Umeona?
Gumba limekutana na kidole cha pili.
Jumatatu mto, Ijumaa karatasi.

Hizo zenye gamba jeusi zinafaa kwenye zege,
kwenye changarawe, penye skrubu iliyosahauliwa na fundi umeme.
Lakini juu ya vigae vipya vya watu
chembe moja ya mchanga ikinasa chini ya gamba,
umekwisha.
Mimi nilimwandikia Bi Halszka barua ndefu ya mikwaruzo
kutoka mlango wa bafu hadi dirishani.
Vigae kumi na vinne. Nililipa vyote,
na gundi nikanunua mwenyewe.

Jeli ni tamu, sikukatazi.
Ila usiiache garini usiku wa Januari;
asubuhi utavaa mawe mawili
na theluji itakucheka.

Sasa mikanda. Sikiliza hapa, hata kama husikilizi kwingine.
Usikaze nyuma ya goti, penye mshipa.
Mguu utakufa ganzi nawe udhani ni uchovu,
kisha saa kumi na moja jioni usimame
kama ndama aliyezaliwa leo,
na mwenye nyumba amesimama mlangoni na chai.

Kuna suruali za mifuko, pedi inaingia ndani.
Kwako labda. Kwangu mfuko unaishia katikati ya ugoko:
aliyeishona alimpima mwanamume
mrefu, asiye na nyonga,
ambaye sijawahi kukutana naye hapa Radom.

Mzee Walenty, aliyenifundisha kazi,
alikata vipande viwili vya buti kuukuu
akavifunga kwa kamba ya posta.
Pedi, alisema, ni za mabibi wanaopalilia waridi.
Nami nilikuwa na miaka ishirini, nikamwamini,
na goti langu la kushoto likamwamini zaidi.
Lilivutwa maji mara tatu. Sindano nene.
Maji yenyewe rangi ya chai iliyolala.

Jumapili mtazame.
Kengele inalia, kanisa zima linashuka
kama majani yaliyopitiwa na upepo,
yeye amebaki ameketi, kofia mapajani.
Wageni hudhani ni kiburi.
Sakafu ile aliitandaza yeye, majira ya baridi mawili,
kabla hapajawekwa hata jiko la kuota moto.
Aliniambia siku moja, kwa sauti ya chini,
kigae cha tatu kutoka kwenye nguzo kimeinama upande.
Hicho ndicho anachokitazama.

Mimi bado nashuka.
Nashika benchi, nashuka kwa upande mmoja,
kama mtu anayeingia maji asiyoyajua.

Haya, hizo za kijivu umezipenda, naona.
Gamba laini, halichori. Mikanda mipana.
Zloti mia na arobaini; mama yako atapiga kelele,
mwambie shangazi amelipa nusu.
Mbona umeinuka?
Umefika ngapi?
Sabini!
Rudi chini, mwanangu.
Bibi amekwisha kupita, hakuna anayekutazama.
Sabini na moja.